Saa Nane za Taa

Nimestaafu, lakini kidole changu hakina habari.
Miaka thelathini na mmoja pale bwawani Jinja,
chumba cha swichi, zamu ya usiku,
nikiupeleka umeme Tororo, nikiupeleka Kampala,
bila hata mara moja kujiuliza
mtu anahitaji mwanga kiasi gani.

Sasa nina sanduku la kioo sebuleni,
lita themanini, kazi ya fundi Tenywa wa barabara ya Iganga,
changarawe niliyoiosha mara tisa,
majani marefu kama utepe niliyoyang'oa ziwani
pale wanawake wa Masese wanapofulia,
na nkejje sita, wembamba kama vidole vya mtoto.
Juu yake taa. Na taa, bwana, nikaiwasha.

Saa kumi na nne kwa siku niliiwasha.
Nilidhani mmea ni kama mji, ukiuzidishia unazidi.
Ukaota mwani.
Kwanza vumbi la kijani kwenye kioo,
kisha nyuzi, kisha ndevu,
ndevu za mzee asiye na mke,
zikining'inia kwenye kila jani nililolipenda.
Nabirye akapita na ufagio, akainama, akatazama:
"Umepika uji wa ziada. Wageni wamekuja kuumaliza."
Kisha akaisoma mita ya Yaka kwa sauti,
namba baada ya namba,
kama anayesoma majina ya marehemu.

Hapa kwetu jua halina ubishi.
Juni na Desemba ni pacha.
Kumi na mbili za mwanga, kumi na mbili za giza,
mizani ya muuza samaki aliyeokoka.
Lakini jua lina wingu, lina mvua ya alasiri;
taa yangu haina hata kope.
Tenywa akaniambia: nane.
Ukiona ndevu, shuka hadi sita.
Majani yakipauka, ongeza nusu, ungoje wiki mbili.
Usihesabu kwa mapenzi.

Nikanunua swichi ya saa, ya Kichina, duara lenye meno.
Mimi, mtu wa chumba cha swichi!
Nikaipanga: iwake saa mbili, izime saa kumi.
Nikalala.

Saa nane ya usiku sebule ikawa mchana.
Nikatoka na panga.
Hakukuwa na mwizi. Mbili ya duara si mbili yetu,
kati yake na yetu pana saa sita,
safari ya Lira kwa basi bovu.
Na Nabirye alikuwa amenitangulia,
kajitanda shuka, yuko kwenye kigoda,
anawatazama nkejje wakiamka kwa mashaka,
rangi zikiwarudia mmoja mmoja.
"Maskini," akasema, "wamedhani kumekucha."

Hatukuizima.
Nikamwambia nisilowahi kumwambia:
kwamba kila zamu, saa kama hii,
niliutazama mshale wa laini ya Walukuba,
ile inayokuja kwetu,
ukitikisika nafurahi, nasema huyo ni yeye,
anasoma, anashona, ananingoja.

Akacheka hadi shuka likamwanguka.
"Mimi? Saa tatu nilikuwa nimeshazima.
Nani alale na taa usoni?"

Asubuhi nikalizungusha duara.
Saa nane sasa, kuanzia saa nane ya mchana,
ili akirudi dukani akute nkejje wangali macho.
Ndevu zimepungua, hazijaisha.
Utepe mmoja umetoa mtoto pembeni, mweupe bado.

Na saa nne ya usiku, tak.
Maji yaliyopita kwenye mitambo ya bwawa
yakaja kwa waya kuyaangaza maji haya
yanatuacha gizani, mimi na yeye,
kila mmoja akikisia kioo kilipo.
Kidole kinanyanyuka.
Nakikalia.